Jino la mtoto likianza kuoza, kuna tiba isiyo na sindano wala mashine

Kila tunapogusia afya ya kinywa na meno kwenye kipindi chetu cha asubuhi, maswali ya wazazi huwa ya aina mbili. Kuna anayeuliza: "Mtoto wangu ana miaka 3, meno yameanza kuoza. Nimuache, si yatang'oka yenyewe?" Na kuna anayeuliza: "Mtoto halali usiku kwa jino. Nimpeleke akang'olewe?"

Mara nyingi ni swali moja lililoulizwa kwa nyakati mbili. Mtoto wa swali la kwanza akiachwa, baada ya miezi kadhaa ndiye yule anayelia usiku kwenye swali la pili.

Wazazi wengi hawajaambiwa kwamba katikati ya nyakati hizo mbili kuna tiba. Kuna tiba za kusimamisha uozo wa meno ya watoto wadogo ambazo hazihitaji mashine ya kutoboa, kwa kawaida hazihitaji sindano ya ganzi, na nyingine hazihitaji hata umeme. Sharti lake ni kwamba mtoto afikishwe mapema, kabla jino halijaanza kumwamsha usiku. Makala haya yanaeleza tiba hizo zinavyofanya kazi, nani zinamfaa, na wewe uliye nyumbani utajuaje kwamba wakati umefika.

Jino linaoza vipi?

Wazee wetu walisema jino limeliwa na mdudu, na ukitazama lile shimo jeusi unaona kwa nini walisema hivyo. Lakini hakuna funza ndani ya jino. Waliomo ni bakteria, wadogo mno kuonekana kwa macho, wanaoishi kwenye ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Mtoto akila kitu chenye sukari, bakteria nao wanakula. Wakishakula wanatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino.

Mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Baada ya kama nusu saa, mate huwa yameipunguza nguvu ile asidi na kuanza kurudisha madini kwenye jino. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa chai ya sukari mara moja asubuhi, jino lake linapata muda wa kupumzika. Lakini mtoto anayepewa pipi saa 3, biskuti saa 4, juisi ya pakiti saa 6 na ubuyu wa rangi saa 9, jino lake halipumziki kutwa nzima. Kinachoharibu zaidi ni hizo mara nyingi, kuliko wingi wa sukari ya mara moja.

Usiku hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tukilala mate hupungua. Mtoto anayelala na chupa ya uji wa sukari, chai au juisi mdomoni, meno yake yanashinda kwenye sukari usiku kucha na mlinzi hayupo. Ndiyo maana kwa watoto wa mwaka 1 hadi miaka 3 uozo mara nyingi huanza kwenye meno ya mbele ya juu, karibu na ufizi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya watoto milioni 500 duniani wana uozo kwenye meno ya utotoni. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ametoboka jino asione aibu kumpeleka akatazamwe.

Si yatang'oka tu?

Ndiyo, yatang'oka. Swali ni lini.

Mtoto huota meno ya utotoni 20. Ya kwanza huanza kuonekana karibu na miezi 6, na akifika miaka 3 kwa kawaida yote yameshatoka. Meno ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 au 7. Lakini magego ya utotoni, yale ya kutafunia, hubaki hadi mtoto afikie miaka 10, 11, hata 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 linatakiwa kumtumikia miaka mingine 6 au 7. Huko ni kula ugali, nyama na mahindi kwa muda wote wa shule ya msingi.

Jino hilo likiachwa, uozo unafika kwenye kiini chake chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo maumivu ya usiku yanapoanza. Mtoto anatafuna upande mmoja, anachagua vyakula laini, anakula kidogo, analala vibaya na darasani anasinzia. Baadaye usaha unakusanyika chini ya jino, na uambukizo huo unaweza kulidhuru jino la ukubwani linalojengeka hapo chini. Likingolewa mapema sana, meno ya jirani yanaegemea kwenye pengo, na jino la ukubwani likija linakuta nafasi yake imechukuliwa, linaota upande.

Kuna jambo jingine linalowapita wazazi wengi. Mtoto akifika miaka 6 hivi, anaota gego jipya nyuma kabisa, baada ya magego yote ya utotoni. Kwa sababu hakuna jino lililong'oka kulipisha, wengi hudhani na hilo ni la utotoni. Hilo ni la ukubwani na halina mbadala. Likiota kwenye kinywa kilichojaa meno yaliyooza na ukoga, nalo huanza kuoza mapema.

Nyanyua mdomo wa mtoto, utazame

Usisubiri mtoto alalamike, maana mtoto wa miaka 2 hawezi kukuambia jino linamuuma wapi. Mara moja kwa mwezi mlaze kichwa mapajani pako mahali penye mwanga wa jua, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, utazame. Kisha mwambie apanue kinywa, uangalie magego ya juu na ya chini. Dakika 2 zinatosha.

Utakachokiona kinaweza kuwa mojawapo ya haya:

Kwanza, mstari au doa jeupe kama chokaa, lisilong'aa, pembeni mwa ufizi. Huo ni mwanzo wa uozo. Madini yameanza kutoka lakini shimo bado. Hatua hii jino linaweza kurudi hali yake.

Pili, doa la kahawia au shimo, hasa kwenye mifereji ya magego au katikati ya meno mawili. Tabaka la nje limevunjika. Halitajiziba lenyewe, lakini uozo unaweza kusimamishwa.

Tatu, kijipu kwenye ufizi, usaha, au shavu lililovimba. Hapa uozo umeshafika ndani, na tiba tunazozieleza leo hazitoshi. Tutarudi kwenye hili hapo chini.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache ambaye hajaota meno anaweza kuonekana na uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Akipata homa au kuharisha, kuna watu watakaokuambia ana "meno ya plastiki" na yakatwe. Usikubali. Ule uvimbe ni chonge linalojiandaa kuota, na kuharisha kuna sababu nyingine inayotakiwa kutibiwa zahanati. Kukata ufizi wa mtoto kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli kumeleta damu nyingi, maambukizi na hata vifo.

Tiba ya kwanza: kupaka floraidi kwenye madoa meupe

Floraidi ni madini yanayosaidia jino kurudisha kile lilichopoteza na kuwa gumu zaidi mbele ya asidi. Kwa mtoto mwenye madoa meupe, mtaalamu wa kinywa na meno anaweza kumpaka vanishi ya floraidi. Ni dawa nzito yenye kunata inayopakwa kwa brashi ndogo juu ya meno yaliyokaushwa. Inashika hapo kwa saa kadhaa, floraidi ikiingia kwenye jino polepole.

Mtoto haumii. Hupakwa mara 2 au zaidi kwa mwaka kutegemea hali ya meno yake. Lakini vanishi peke yake haishindi chupa ya uji wa sukari ya kila usiku. Inafanya kazi vizuri pale nyumbani mswaki unapopigwa na sukari inapopunguzwa.

Tiba ya pili: dawa ya fedha inayosimamisha uozo

Hii ndiyo inayoshangaza wengi. Inaitwa silva daiamini floraidi. Ni dawa ya maji yenye vitu viwili vikuu: madini ya fedha, yanayoua bakteria, na floraidi, inayolifanya jino kuwa gumu. Japani imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 WHO iliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na simenti ya kuzibia meno tutakayoieleza hapo mbele.

Inavyofanyika ni hivi. Mtaalamu anasafisha jino, analizungushia pamba ili likauke, na anapaka mafuta ya mgando kwenye ufizi na midomo kuvikinga. Kisha anachovya brashi ndogo kwenye tone la dawa na kulipaka shimo kwa kama dakika 1. Basi. Tone moja linatosha meno kadhaa. Hakuna kutoboa, hakuna sindano. Mtoto anaweza kulalamika kwamba dawa ina ladha ya chuma, lakini ladha hiyo hupita.

Ikitumika ile yenye nguvu ya asilimia 38, tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kwa watoto huweza kusimamisha takriban mashimo 8 kati ya 10. Kupaka mara 2 kwa mwaka kunatoa matokeo bora kuliko mara 1. Kwa hiyo ukipewa tarehe ya kurudi baada ya miezi 6, iandike na uirudie.

Sasa jambo ambalo lazima ulijue kabla hujakubali: sehemu iliyooza itageuka nyeusi, na weusi huo hautoki. Jino zima halibadiliki rangi, ni ile sehemu yenye uozo tu. Kwa gego la nyuma wazazi wengi hawajali. Kwa meno ya mbele, baadhi hushtuka. Ni haki yako kuambiwa mapema na kuamua. Unapoamua, kumbuka kwamba weusi ule ukiwa mgumu na mkavu ni alama kwamba uozo umesimama. Ndugu, jirani na mwalimu watauliza, na jibu ni rahisi: jino limetibiwa. Dawa ikigusa ngozi au midomo huacha doa la kahawia linalofutika lenyewe ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa.

Dawa hii haipakwi mtoto mwenye mzio wa madini ya fedha, wala mwenye vidonda mdomoni hadi vipone, wala kwenye jino lenye usaha au linalouma lenyewe bila kuguswa. Na haizibi shimo. Inasimamisha uozo tu, shimo linabaki. Kama chakula kinanasa humo, jino linaweza kuzibwa baadaye.

Msikilizaji, usije ukatafuta dawa hii ukajipakie mtoto nyumbani. Ina nguvu nyingi, na kazi yake ni ya mtu aliyesomea.

Tiba ya tatu: kuziba kwa vifaa vya mkono, njia iliyoanzia Tanzania

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa na shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam walikuwa na shida ambayo watu wa vijijini wanaielewa bila kuelezwa. Mashine ya kutoboa jino inataka umeme, maji na fundi. Kijiji kisicho na umeme hakina mashine, na pale ilipokuwepo ikiharibika huduma inakufa. Kwa mgonjwa wa kijijini, tiba ya jino ilikuwa moja tu: kung'oa.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Mholanzi, Jo Frencken. Yeye na wenzake wakajaribu kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba kwa simenti inayochanganywa kwa mkono. Njia hiyo baadaye ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, WHO ikaitangaza kwa dunia. Leo inatumika katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Ilianzia hapa kwetu.

Mtaalamu anatumia kifaa kama kijiko kidogo sana kukwangua sehemu laini iliyooza. Ile sehemu laini imeshakufa, ndiyo maana kwa kawaida mtoto hahisi maumivu makubwa na ganzi haihitajiki. Sehemu ngumu iliyo chini kabisa karibu na kiini haichokonolewi. Kisha shimo linajazwa simenti inayoitwa glasi ayonoma, inakandamizwa kwa kidole, na inakauka ndani ya dakika chache. Simenti hiyo hushikana na jino na hutoa floraidi kidogo kidogo. Bakteria waliobaki chini hufungiwa bila sukari, na hawawezi kuendelea na kazi yao. Mtoto asile kwa muda wa saa 1 ili simenti ishike.

Njia hii hudumu vizuri zaidi kwenye shimo dogo la upande mmoja, kwa mfano juu ya gego. Shimo lililokula pande mbili za jino la utotoni huziba pia, lakini simenti hutoka kwa urahisi zaidi. Ikitoka, rudi kliniki. Haimaanishi kwamba jino limeshindikana.

Kwa magego yaliyolika zaidi ipo na njia ya kulivisha jino kofia ya chuma kisichoshika kutu bila kulitoboa. Ilitokana na kazi ya daktari wa meno wa Scotland, Norna Hall. Kofia inafunika jino lote, uozo unafungiwa chini yake, na jino linapofikia umri wake linang'oka pamoja na kofia yake. Njia hii hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa.

Sisi wa Kaskazini na hofu ya floraidi

Tunajua wapo watakaosema: "Floraidi? Hiyo si ndiyo inayotuharibu meno?" Hoja hiyo ina msingi. Katika maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji ya baadhi ya visima na mito yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na WHO. Mtoto anayekunywa maji hayo kwa miaka wakati meno yake yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye rangi ya kahawia. Ikizidi zaidi, mifupa nayo huathirika. Baadhi ya magadi tunayopikia maharage na makande pia yana floraidi nyingi. Ndiyo sababu kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Lakini kunywa floraidi nyingi kila siku kwa miaka ni jambo moja, na kupakwa kiasi kidogo juu ya jino mara 2 kwa mwaka ni jambo jingine. Madhara ya kwanza yanatokana na kuimeza mfululizo. Tiba hizi zinapakwa juu, kwa kipimo.

Na usichanganye meno ya kahawia ya maji na meno yaliyooza. Rangi ya maji huja na jino tangu linapoota, hukaa kwenye meno mengi kwa pamoja, kushoto na kulia zikifanana. Uozo huanza kwenye jino zima, mahali pamoja, na baadaye panakuwa laini na panatoboka. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kuwa na meno ya kahawia hakumkingi na uozo.

Kwa hiyo ukifika kliniki, mweleze mtaalamu mnakunywa maji gani na kama mnatumia magadi. Atajua apange vipi. Na kama kijijini kwenu kuna chanzo cha maji kilichopimwa kikaonekana kina floraidi kidogo, au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, wape kwanza watoto wadogo na mpikie hayo uji wao.

Lini tiba hizi hazitoshi

Jino likishauma lenyewe usiku bila kuguswa, likishatoa usaha, au likitikisika kabla ya umri wake, uozo umefika ndani. Hapo mtaalamu ataamua kama jino linaweza kutibiwa kiini au ling'olewe. Kung'oa jino lenye usaha ni tiba halali, na kwa mtoto huyo ndiyo itakayomwondolea uambukizo. Atachomwa ganzi kwanza.

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: uso au shavu limevimba na ana homa, uvimbe unashuka shingoni au unapanda jichoni, hawezi kufungua kinywa, anashindwa kumeza au kupumua. Uambukizo wa jino unaweza kusambaa na kuua.

Ukiwa njiani au unasubiri kesho, unaweza kumpa paracetamol ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kama kilivyoandikwa au ulivyoelekezwa. Usimpe aspirini. Usiweke ndani ya jino maji ya betri, ugoro, mafuta ya taa wala kidonge kilichosagwa. Vitu hivyo huunguza ufizi, na uozo unabaki pale pale.

Kazi ya nyumbani

Tiba yoyote tuliyoitaja inategemea nyumba. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

Anza kupiga mswaki jino la kwanza linapotoka, mara 2 kwa siku, na ya usiku ndiyo muhimu zaidi. Baada ya hapo mtoto asipewe kitu isipokuwa maji.

Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kwa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Usijaze brashi kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha. Mfundishe kutema.

Mtu mzima ndiye apige mswaki huo. Mkono wa mtoto haujakomaa kwa kazi hiyo hadi afikie kama miaka 7 au 8. Kama mama yuko shambani jioni, bibi, baba au dada mkubwa aifanye.

Mswaki wa mti, ambao wazee wetu bado wanautumia, unaondoa ukoga ukitumiwa vizuri. Lakini kwa mtoto mdogo tafuta brashi laini, na floraidi bado inahitajika.

Uji wa mtoto hauhitaji sukari. Ulezi, maziwa, karanga au ndizi iliyopondwa vinautosha. Mtoto asiyezoeshwa sukari haidai.

Pipi, soda, juisi za pakiti na barafu za rangi zikija, zije pamoja na chakula, siyo kila saa. Kati ya milo mpe tunda, karanga, muhogo wa kuchemsha au maziwa yasiyotiwa sukari. Maji yawe ndiyo kinywaji chake.

Ukifika kliniki, useme nini

Mtoto wa chini ya miaka 5 huwa anaenda kliniki ya mama na mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Tumia siku hiyo hiyo. Mwambie muuguzi: "Shikamoo dada, nimeona doa kwenye jino la mtoto. Naomba umtazame, au unielekeze kwa mtaalamu wa kinywa na meno." Zahanati nyingi hazina huduma ya meno, lakini zinaweza kukuandikia rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye tabibu au daktari wa meno.

Ukifika kwa mtaalamu, uliza haya manne. Je, uozo umefika kwenye kiini? Je, unaweza kusimamishwa kwa kupaka dawa, au kuzibwa kwa vifaa vya mkono? Dawa na simenti hapa zipo, na kama hazipo ni wapi karibu nazipata? Nirudi lini? Usione haya kuuliza. Foleni ikiwa ndefu, njia ya haraka kwa wote wawili huwa ni kung'oa, na mara nyingine mzazi mwenyewe ndiye anayetangulia kusema, "Daktari, nimekuja aling'oe." Ukianza kwa kuuliza kama jino linaweza kuokolewa, mazungumzo yanabadilika.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya umma. Hata hivyo piga simu au ulizia kabla ya kupanda gari, ujue mtaalamu yupo siku gani na vifaa vipo. Nauli ya bure inauma kama jino.

Leo jioni, jua halijazama, mlaze mtoto mapajani na unyanyue ule mdomo wa juu. Ukikuta pako safi, mpige mswaki alale. Ukiona doa jeupe au la kahawia na mtoto bado anacheza na kula vizuri, hiyo ndiyo siku ya kupanga safari ya kliniki. Na kama una swali ungependa tulipeleke kwa mtaalamu hewani, tutumie ujumbe mfupi kwa namba yetu ile ile ya kipindi cha asubuhi, utaje umri wa mtoto na ulichokiona.